Vuli Nisiyoijua

Sauti yenyewe ilitoka kwenye simu ya dereva, asubuhi, mimi nimeinama na fagio chini ya meza ya bosi. Nnh. Nnh. Nnh-nnh. Nyingi, zimepandana, haijulikani inaanza ipi na inaishia ipi. Hata sasa naisikia vizuri tu. Nikainuka nikamuuliza, "Kaka, hao vyura umewarekodia wapi?" Maana kwetu Makutupora mvua kubwa ya kwanza ikishajaza mashimo, vyura hutoka sijui wapi wakaanza hivyo hivyo, na mtoto aliyelala huamka akajua kesho ni jembe.

Dereva alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Vyura hawa wana pembe na mikia," akasema. "Ni nyumbu, dada. Maelfu. Mmoja anaguna, mwenzake anaitikia, basi kutwa nzima."

Nikamwomba airudie. Akairudia mara tatu, halafu akasema bando lake si la kuchezea, ingawa sauti ilikuwa imehifadhiwa kwenye simu na haikula bando lolote.

Hiyo ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini. Ofisi yetu iko Makole, vyumba viwili nyuma ya duka la dawa, na mteja akipotea humkuta mfamasia kwanza, ambaye amezoea na humwelekeza bila kuinua kichwa. Mwenye ofisi ni mama mmoja wa Kondoa, tunamwita bosi. Alianza kwa kupeleka watu Kolo kuona michoro ya kale kwenye miamba, wageni wawili watatu kwa mwezi, gari la kukodi. Baadaye akaongeza Ruaha. Kaskazini, Serengeti, kwenye nyumbu na mahema ya watu wenye nafasi, alikuwa ndiyo kwanza anaingiza mguu. Mimi nilichukuliwa kwa usafi na chai. Cheti changu cha kidato cha nne kina alama moja nzuri, ya Kiswahili. Hizo nyingine tuziache zipumzike.

Lakini nilikuwa nasoma. Kila kipeperushi kilicholetwa pale nilikisoma kabla sijakifuta vumbi. Nikajua kuna mahema makubwa kuliko nyumba yetu, yenye sakafu ya mbao, na chandarua kilichofungwa juu ya kitanda kama shela la bibi harusi. Nikajua kambi ipi inaweka mito minne kwenye kitanda na ipi inaweka sita. Nikajua kuna beseni la shaba linalowekwa nje ya hema, mgeni anaoga huku anatazama twiga. Usiniulize nilikuwa nalala wapi wakati huo. Nilikuwa nalala chumba kimoja na shangazi yangu na cherehani yake, na nilikuwa na furaha sana, kwa sababu nikifumba macho nilikuwa na kambi zote hizo na hakuna aliyenidai kodi.

Bosi aliniona. Kwanza akaniacha nipokee simu, akagundua kwamba wageni wakishaongea na mimi wanapiga tena. Kisha akanifundisha kompyuta, namna ya kuandika ratiba: siku ya kwanza hapa, siku ya pili pale, geti linafungwa saa ngapi, chakula cha mchana cha boksi au cha mezani. Namshukuru kwa uvumilivu wake. Mtu anayebonyeza herufi kwa kidole kimoja anaweza kumtoa mwenzake machozi.

Mwaka jana, kiangazi kimeshakausha kila kitu, akaingia mama mmoja ameshikwa mkono na mwanawe wa kiume. Mwana alikuwa mtumishi wa wizara moja hapa mjini, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Mama alikuwa nesi mstaafu. Nusu ya watoto wa Makole, alisema mwenyewe, walipigwa kofi la kwanza na yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe mtu wa wapi?"

"Makutupora, mama."

"Mgogo?"

"Ndiyo, mama."

Akamgeukia mwanawe. "Umenileta kwa Mgogo anipangie safari. Watu ambao safari yao ndefu ni kwenda kisimani na kurudi."

Nikaweka kalamu chini. "Samahani mama, na wewe wa wapi?"

"Mimi Mhehe. Kamwene."

"Mbukwenyi," nikamrudishia salamu kwa Kigogo. "Basi nitawaandikia kambini wakupokee polepole. Wahehe mkikaribishwa kwa haraka mnadhani ni vita."

Akacheka, akakaa, akaniambia nimletee chai. Wahehe na sisi ni watani wa tangu mababu, na utani ukishafunguliwa namna hiyo hata bei inakuwa rahisi kuizungumza. Mwanawe alikuwa ameshatoa simu yake anasoma. Aliyekulia kwenye nyumba ile hashtuki.

Wanawe walikuwa wamemwambia achague zawadi ya kustaafu, chochote, wao watachanga. Akachagua nyumbu. Nikamuuliza kwa nini nyumbu, siyo simba kama wengine.

"Macho yangu yana presha," akasema, kama anavyosema mtu kwamba ana kikohozi. "Mbele naona. Wewe hapo nakuona mpaka hicho kipele. Pembeni ndiko kunakoliwa, kidogo kidogo, kama kanga inayotafunwa na panya kutoka kwenye pindo. Mwezi wa kumi na mbili wananipasua. Wakifanikiwa, kilichobaki kinabaki. Kilichokwenda hakirudi. Mimi nimefanya kazi wodini, sidanganywi na daktari." Akapuliza chai. "Kwa hiyo kabla hawajanipasua nataka nione kitu kipana. Kipana kabisa. Kisichoishia."

Hapo mwana aliacha kusoma simu. Likizo yake, akasema, ilikuwa wiki ya mwisho ya Novemba. Haisogei mbele wala nyuma.

Walipotoka bosi akaniambia, "Hii ni yako." Nikadhani anamaanisha vikombe. "Safari," akasema. "Panga mwenyewe. Mimi nitakagua."

Nilipanga safari ile kama mtu anayejipambia chumba. Nikachagua kambi ya kaskazini kabisa, karibu na mto ambao nyumbu huvuka na mamba wakiwangoja, usiku nne mfululizo. Nilimpigia mama simu kila nilipopata la kumwuliza, na mengine nilikuwa nayatafuta tu.

"Kuna beseni la kuogea nje, mama, linatazama uwanda."

"Nioge nje, simba anisugue mgongo?"

"Basi nawaambia waliingize ndani."

"Liache huko huko. Nitaliangalia. Na chakula je?"

Nikamsomea yale yaliyoandikwa, supu ya maboga, samaki wa mchuzi mweupe. Akashusha sauti. "Sikia, mtani. Waandikie wanipikie ugali wa uwele na mboga ya mlenda. Ila usimwambie mtu. Nimewacheka Wagogo miaka thelathini kwa mlenda wao, nikisikika Iringa nimekwisha."

Sasa nieleze kosa langu, maana bila kulieleza hata shukrani zangu hazitaeleweka.

Kila maandishi niliyosoma yalisema nyumbu hufuata mvua na majani mapya. Kuanzia Julai mpaka Oktoba wako kaskazini, mtoni. Desemba wameshafika kusini. Novemba, yaliandika, inategemea mvua. Nami nikajisemea, hapo hakuna swali. Mvua, Novemba? Mimi nimezaliwa Dodoma. Huku mvua ni moja tu kwa mwaka, na kabla ya Desemba mtu akikuambia inanyesha unamuuliza amemwaga ndoo gani. Novemba ni vumbi, ni mbuyu bila jani, ni ng'ombe wenye mbavu za kuhesabika. Kama mvua hakuna, nyumbu wataondokaje mtoni? Nikaandika usiku nne kaskazini na moyo wangu umetulia tuli. Bosi akakagua. Kondoa na Makutupora zina mvua ile ile moja. Akasaini.

Neno vuli nilikuwa nalijua, nililisoma shuleni. Mvua za vuli na mvua za masika. Niliandika kwenye mtihani nikapata vema. Lakini sikuwahi kuloa nayo, na jambo ambalo halijawahi kukulowesha unaweza kulisahau kabisa kwamba lipo.

Wiki ya kwanza ya Novemba ilipigwa simu kutoka namba ngeni. Alikuwa mpishi wa kambi ile ya kaskazini, dada mwenye sauti ya kukwaruza, anauliza habari za mlenda. Sisi huku tunautumia mkavu au mbichi? Karanga zinaingia mwanzo au mwisho? Tukaongea kwa raha, nikamwelekeza mpaka namna ya kukoroga. Alipokuwa anataka kukata akauliza, "Na huyo mama anakuja kuangalia nini huku?"

"Nyumbu."

"Nyumbu gani?"

"Hao wanaohama."

"Dada yangu, huku vuli imekolea. Jana gari limezama kwenye tope mbele ya jiko langu. Nyumbu wameanza kushuka tangu wiki iliyopita. Huyo mama akija mwisho wa mwezi atakuta mto, viboko, na mimi."

Nilitazama nje. Barabarani vumbi lilikuwa linamfukuza mtu wa baiskeli. Nikasema asante, nikakata, nikakaa. Nilijiona mjinga, tena mjinga wa aina ya pekee, aliyeangalia dirishani kwake akadhani ameona nchi nzima.

Nilifikiria kunyamaza. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Nilifikiria kwamba kaskazini kuna tembo, kuna twiga, mama atafurahi, na nyumbu ni wanyama, nani anaweza kuwalaumu. Nilifikiria hivyo kwa muda wa kuchemka birika. Halafu nikakumbuka ile kanga na panya, nikaenda kwa bosi.

Bosi alinisikiliza mpaka mwisho. Akachukua ratiba yenye sahihi yake, akaitazama. "Mimi nimezaliwa Kondoa," akasema. "Nilipoona neno Novemba niliona vumbi. Sikuona kingine." Nilingoja ukali, haukuja. "Tumekosea wawili. Ila aliyeongea naye kila siku ni wewe. Kamwambie wewe. Ukirudi utanikuta hapa hapa, tutatafuta njia."

Nikaenda kwa mguu, siyo mbali, nimebeba mfuko wa mlenda mkavu alioutwanga mama yangu. Nilimkuta mama nesi barazani anachambua mchele. Aliuinamia ungo, akawa anauzungusha taratibu ili kila punje ipite mbele ya macho yake, kwa kuwa pembeni hakuziona. Sikuwa nimewahi kumwona akifanya kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mtani. Umekuja kuombaomba?"

"Nimekuja kuomba, ndiyo. Msamaha."

Nikamweleza. Nilisimama wima kama niko mbele ya mwalimu, nikasema kwamba nimempeleka mahali ambapo nyumbu hawatakuwepo, kwa sababu nilidhani kama Dodoma hakuna mvua basi Tanzania hakuna mvua. Mkono wake uliendelea kuzungusha ungo, halafu ukasimama.

Jirani alipita akamsalimia, akamwitikia, akarudi kuutazama ungo.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Leo. Kama saa nne hivi."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa sita, mama."

"Saa mbili," akasema. "Wodini nimewahi kukaa na wauguzi waliokosea dozi wakaniambia baada ya siku mbili." Akaokota kijiwe kwenye mchele akakitupa uani. "Keti. Nilisema tangu mwanzo. Nilimwambia mwanangu, umenipeleka kwa watu ambao mvua yao ni moja, akili yao moja, mboga yao moja."

Nikaketi. Nikaanza kulia na kucheka kwa pamoja, jambo ambalo halipendezi usoni. Nikamkabidhi mfuko.

Akaufungua akanusa. "Ndiyo huo huo," akasema. "Haya, mtani wangu hawezi kunikosea nikamkasirikia, mila hairuhusu. Mgeni angekoma leo. Lakini nyumbu bado nawataka. Mwezi wa kumi na mbili wa madaktari hausogei, na likizo ya mwanangu haisogei. Wewe ndiye utakayesogea. Nenda katafute."

Nimesamehewa mara kadhaa maishani, lakini siku ile nilisamehewa nikapewa na kazi, na kazi ndiyo iliyoniwezesha kutembea kurudi.

Usiku ule ule nilimpigia baba. Yeye amechunga ng'ombe tangu hajajua kuhesabu vidole. Sikumpigia kwa ushauri, nilitaka tu sauti ya nyumbani, lakini aliposikia habari yenyewe akashangaa. "Kwani nyie mnaamua pa kuhamia kabla hamjaona majani?" akauliza. Kwao, kiangazi kikibana, anatangulizwa mtu mmoja na fimbo yake. Anakwenda siku mbili tatu, anatazama malisho, anatazama maji, anarudi kusema. Mpaka arudi, zizi halifunguliwi. "Huko hamna mtu wa kutanguliza?"

Nilikuwa naye. Nilikuwa na mpishi.

Asubuhi bosi akapiga simu kambini kaskazini, nami nimeketi pembeni nikiandika. Kambi ile ilikuwa na mwenzake katikati ya hifadhi, ya mmiliki huyo huyo, yenye mito sita kitandani. Wakakubali kutuhamishia usiku mbili. Nyingine mbili kulikuwa kumejaa.

"Hizo mbili tuziache wazi," nikasema.

"Wazi vipi?"

"Tusiandike mahali. Tungoje tuone nyumbu wako wapi, ndipo tuamue."

Bosi akavua miwani. "Binti, mgeni wa hadhi hii anataka kujua atalala wapi, mto wa upande gani, kifungua kinywa saa ngapi. Huwezi kumwandikia 'tutaona'. Ukiandika 'tutaona' kwenye ratiba, hiyo siyo safari, ni harusi ya kijijini."

"Tumuulize mwenyewe."

Tukampigia, tukaweka sauti ya juu. Mama akauliza kama huko pa 'tutaona' kuna choo. Nikasema kipo. "Basi andika," akasema. Bosi akavaa miwani yake, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: siku ya nne na ya tano, tutaona. Ile karatasi ninayo.

Kuanzia hapo kila asubuhi nikishafagia nilimpigia mpishi. Mtandao ulikuwa unakubali akisimama juu ya tangi la maji, kwa hiyo nilikuwa nasikia upepo kwanza, kisha yeye. Hakuwa ananidai kitu. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua, akasema katika miaka yote aliyopikia wageni, hakuna ofisi iliyowahi kumuuliza yeye wanyama wako wapi. Wanauliza kama ana maziwa ya soya.

Wakaondoka alfajiri, mama mbele, mwana nyuma na mabegi, dereva wetu amevaa shati jipya. Bosi aliwaagiza wasipite Kolo bila kusimama. Walisimama. Mama alinitumia sauti akiwa chini ya mwamba, anahema. Alisema amepandishwa kilima kuonyeshwa picha za watu wembamba, na kama ni wembamba, angebaki Dodoma awaangalie Wagogo wakati wa njaa.

Siku ya tatu jioni walikuwa kambini katikati. Dereva akapiga. Wameona simba wawili, chui mmoja, nyumbu madume saba waliobaki nyuma wamesimama wanashangaa. Mama amekaa nje ya hema anatazama beseni, nalo hapo lipo pia. Madereva wengine wanasema kundi limekwenda kusini. Inabidi kesho asubuhi waondoke. Waelekee wapi?

"Nipe nusu saa," nikasema.

Nikampigia mpishi, hapatikani. Nikapiga tena. Nilikuwa peke yangu ofisini, bosi amekwenda msibani. Saa kumi na moja na robo akapiga yeye, anahema kwa kupanda tangi.

"Gari la mboga limefika sasa hivi," akasema. "Limechelewa kwa saa tatu. Nimemgombeza dereva, anasema hakuwa na pa kupita. Alikuja na njia ya mashariki, nyumbu wameifunga. Anasema alizima gari akalala usingizi, alipoamka bado wanapita."

"Mashariki? Wenzake wanasema kusini."

"Mimi nakupa aliyoniambia mwenye mboga. Nyanya zangu zimeiva kwa kungoja, huo ndio ushahidi nilio nao."

Nikabaki na simu mkononi. Nilikwishakosea mara moja kwa kuamini karatasi na dirisha langu. Madereva waliosema kusini walikuwa wanaume wazoefu, wengi, wanaosikiana kwenye redio za magari. Mwenye mboga alikuwa mmoja. Lakini hao wengi walikuwa wamesikia, na mmoja alikuwa amelala katikati yao. Nikampigia dereva wetu. "Nendeni mashariki."

"Una uhakika, dada?"

"Sina. Nendeni mashariki."

Huko mashariki nilipata kambi moja tu yenye nafasi, ndogo, haimo kwenye kipeperushi chochote nilichowahi kufuta vumbi. Hema la kawaida, kitanda cha chuma, mto mmoja. Nikamwandikia mwana ujumbe nikimweleza ukweli wa hema lile. Akajibu, "Mama anasema sawa."

Kesho yake nilimwagia chai ratiba ya watu wengine. Karibu na adhuhuri simu ikaita, na nilipoona ni namba ya mama nikatoka nje kabisa, nikasimama kati ya ukuta na duka la dawa.

"Mtani," akasema.

"Nimemwambia dereva asimamishe gari juu ya kilima. Nimeshuka. Nikitazama mbele wapo. Nikigeuza shingo, wapo. Nageuza tena, wapo. Unajua mimi sipati pembeni, kwa hiyo nimewachukua kipande kipande, kama nachambua mchele. Kuanzia huku mpaka huku. Shingo imechoka, mtani, nyumbu hawajaisha."

Nikasema, "Pole kwa shingo."

"Mwanangu analia, anajifanya vumbi limemwingia. Wanakaa vizuri, watoto wao wanatembea katikati. Mzazi anayetembea na mimba nimemtambua kwa mwendo tu, nimemwonyesha dereva." Akavuta pumzi. "Na hema ulilonipa ni baya. Maji ya kuoga yanatoka kwenye ndoo yenye matundu. Nitakutangaza Iringa nzima."

"Asante, mama."

"Asante wewe," akasema, kwa sauti nyingine, ya wodini, na akakata.

Upasuaji ulikwenda salama. Kilichobaki kimebaki, kama alivyosema. Siku hizi akinikuta sokoni ananiita kwa sauti ya juu, mtu wa mvua moja, watu wageuke. Mpishi bado namwandikia, naye sasa kila ofisi yetu ikipanga kaskazini anaulizwa yeye kwanza, bosi ndiye aliyetoa amri hiyo. Mimi mwenyewe Serengeti sijafika. Nitafika, sina wasiwasi, na nimeshachagua kambi, nabadilisha kila mwezi.

Lakini Jumamosi ile, siku mbili baada ya simu ya mama, nilikwenda nyumbani Makutupora. Jioni, jua likiwa limelala juu ya mashamba ya mizabibu, nilijitenga nikaenda mpaka mwisho wa shamba letu, ambapo ardhi inafunguka, na ng'ombe wa watu walikuwa wanarudi kutoka majini, wengi, wametandaa, na vumbi lao juu. Hakukuwa na mtu karibu. Nikaweka viganja vyangu pande zote mbili za macho, nikaacha upenyo mwembamba mbele. Nikamwona ng'ombe mmoja. Nikageuza shingo kidogo, nikamwona wa pili. Nikaendelea kuigeuza polepole, kuanzia kwenye kisima mpaka kwenye boma la mwisho, bila kushusha mikono.